Zizi la Betri

Nilipata kulala Chewele, kaunti ya Tana River, kwenye nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo, paa la makuti, mlango mmoja. Mwenyeji wangu ni kijana wa bodaboda. Aliporudi baada ya isha aliisukuma pikipiki yake ya umeme hadi ndani, akaiegesha nyuma ya mlango, akavuta ekstensheni kutoka chumba cha pili, akachomeka chaja. Kitaa chekundu kikawaka. Hatua mbili kutoka pale, watoto watatu walikuwa wamelala mkekani chini ya neti moja. Nikamuuliza kwa nini asiiache nje.

"Wezi, mzee," akasema. "Huyu ndiye ng'ombe wangu. Nani anamwacha ng'ombe wake nje ya boma?"

Nikamwambia sijaona ng'ombe anayelala chumbani na watoto. Ng'ombe ana zizi lake. Akacheka, akazima taa. Mimi nikabaki macho nikikitazama kile kitaa hadi kilipogeuka kijani, saa nane kasorobo.

Betri haikuwaka moto. Nyingi haziwaki, na hapo ndipo tunapodanganyika. Betri ya lithiamu inaweza kuchajiwa nyuma ya mlango usiku mia tano bila neno, halafu usiku wa mia tano na moja ikafanya lake. Mwezi Machi 2022, mjini Vellore, kusini mwa India, baba na binti yake wa miaka 13 walikufa usiku baada ya skuta ya umeme kushika moto ikiwa inachajiwa nyumbani. Chombo kilikuwa upande wa mbele wa nyumba, penye njia ya kutokea. Moshi ndio uliowaua.

Ukiniuliza kanuni moja tu ya kushika katika habari hii yote ya pikipiki, baiskeli na tuktuk za umeme, sitaanza na nembo wala karatasi za Nairobi, ingawa nitafika huko. Nitaanza na mahali betri inapolala. Tazama jiji la New York, ambako vijana wa kupeleka vyakula majumbani ndio wanaotumia sana baiskeli hizi. Mwaka 2023 idara ya zimamoto ya jiji ilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Septemba mwaka huo sheria mpya ikaanza kukataza kuuza baiskeli, skuta na betri zisizo na cheti cha usalama. Mwaka 2024 mioto ikawa 277. Haikupungua, iliongezeka kidogo. Lakini waliokufa walikuwa 6. Idara yenyewe ilieleza sehemu kubwa ya siri: watu walikuwa wamehubiriwa mitaa yote wasichaji ndani, na mwaka huo mioto mingi zaidi ilitokea nje ya majengo kuliko ndani. Betri ziliendelea kuungua, ila ziliungua peke yao.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko mjini, nami nitaeleza kwa nini. Rais Ruto alipozindua mradi wa pikipiki za umeme Mombasa, tarehe 1 Septemba 2023, picha waliyoonyeshwa wananchi ilikuwa ya dereva anayefika kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anaondoka. Kwa mpango huo betri si yako. Ni ya kampuni. Inarudi mikononi mwao karibu kila siku, wanaipima, iliyochoka wanaitoa. Hata miongozo ambayo mamlaka ya kawi, EPRA, iliitoa mwaka 2023 inahusu vituo vya kuchajia na vya kubadilishia betri. Sasa panda gari kutoka Garsen, pita Hola, uje hadi Chewele, kisha unionyeshe kituo cha kubadilishia betri. Anayechaji huku ni baba mwenye nyumba, na kituo ni sebule yake. Pikipiki yenyewe mara nyingi imeshapitia mikono miwili, na betri haina tena boksi wala kijitabu chake.

Basi tujenge zizi. Halihitaji mhandisi. Tafuta mahali penye upepo, mbali na ukuta wa nyumba, mbali na makuti, mbali na ua wa miba ya mathenge ambao ukikauka huwaka kama petroli. Mimi hupima hatua kumi za mtu mzima kutoka kwenye paa lolote linaloweza kushika moto. Uwanja ukiruhusu, ongeza. Usiliweke upande ambao upepo huvuma kuelekea chumba cha kulala, wala karibu na njia ya kutokea, wala jirani na zizi la mbuzi. Inua kuta tatu za matofali ya simiti hadi kiunoni au kifuani. Juu weka bati moja la kukinga jua na mvua, liinuliwe ili hewa ipite. Upande wa nne weka mlango wa wavu wa chuma, ule mzito wanaouita BRC, wenye kufuli. Sakafu iwe ya simiti au mchanga, na iinuliwe kidogo maji yasituame. Hakuna mbao, hakuna gunia, hakuna dumu la petroli la pikipiki ya jirani. Ukihofia wezi, pitisha mnyororo kwenye fremu na uufunge kwenye nondo iliyozikwa kwenye simiti. Kama betri yako inachomoka, kazi ni nyepesi zaidi: pikipiki ilale popote, betri iende zizini.

Gharama ipo, na najua kijana wa bodaboda huhesabu kila shilingi. Ndiyo maana naona zizi moja la steji nzima lina akili kuliko kila mtu na lake. Vijana kumi wanaochanga kila wiki kwenye chama wanaweza kujenga banda la vyumba vidogo vidogo, kila betri kwenye chumba chake na ukuta wa tofali katikati, ili moja ikiwaka isiziamshe nyingine. Mlinzi mmoja alale hapo, na soketi zifungwe na fundi wa stima mwenye leseni.

Nimesema "isiziamshe" kwa makusudi, kwa sababu ndivyo moto huu unavyokwenda. Ndani ya lile boksi mna seli ndogo nyingi, makumi, wakati mwingine mamia, zimefungwa pamoja. Seli moja ikiharibika ndani, kwa kupigwa, kwa kuchajiwa kupita kiasi, kwa maji au kwa uzee, inaanza kujipasha joto yenyewe. Joto hilo linavunja kemikali zake, kemikali zinatoa joto zaidi, na ikifika hapo huwezi kuizima kwa kuchomoa waya. Jirani yake anashika, na jirani wa jirani. Moshi unaotoka una sumu na wenyewe unaweza kulipuka. Kuna betri tulivu zaidi, za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo huhitaji joto kubwa zaidi kabla ya kuwaka kuliko zile za nikeli. Ukiwa na uchaguzi, chukua hizo, hata kama ni nzito na hazifiki mbali sana. Lakini usije ukaiingiza chumbani kwa kuwa ni tulivu.

Sasa chaja. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana nimeona watu wazima wakiazimana chaja kama wanavyoazimana pampu ya baiskeli. "Si ni sitini na hii ni sitini? Na tundu linaingia!" Betri mbili zinaweza kuandikwa volti 60 zote mbili na zikawa vitu viwili tofauti. Ya nikeli kwa kawaida ina seli 16 mfululizo, kila seli ikijaa ni volti 4.2, jumla 67.2. Ya fosfeti huwa na seli 20, kila moja ikijaa ni volti 3.65, jumla 73. Chukua chaja ya hii ya pili uichomeke kwenye ile ya kwanza. Chaja itasukuma hadi 73, na 73 kwa seli 16 ni zaidi ya volti 4.5 kila seli. Umeipa chakula kisichoingia tumboni. Kilichobaki kuikinga ni kile kibao cha saketi ndani ya betri, ambacho mafundi huita BMS, kinachokata umeme seli zikijaa au zikipata joto.

Kikiwa bado kipo. Nilikaa siku moja kwenye kibanda cha fundi wa simu, sitasema mji gani, akaletewa betri iliyokuwa inakatika njiani. Akafungua vifuniko kwa bisibisi, akapangusa vumbi, akapima kwa mita, akaguna. Seli mbili zilikuwa zimefura, plastiki yao ya buluu imechanika pembeni. Kile kibao cha saketi kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa: kila mara kilipoona zile seli mbili zinayumba, kinakata. Fundi akachukua waya mfupi mwekundu, akauchomelea kwa risasi kutoka upande mmoja wa kibao hadi mwingine, akafunga vifuniko. "Imepona," akamwambia mteja. "Haitakatika tena." Mteja akalipa akaondoka na furaha yake. Alikuwa amelipa pesa za kumwua mlinzi wake.

Kwa hiyo ukipeleka betri kwa fundi, kaa pale pale umwangalie. Akitaka kuruka kibao, chukua mali yako uondoke. Akitaka kukuwekea seli za zamani za kompyuta akizichanganya na zako, vilevile. Betri iliyofura, iliyoanguka vibaya, inayotoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au inayopata joto ikiwa haifanyi kazi, imekwisha, haitengenezwi. Na chaja ikiungua nunua ya betri ile ile, yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chaja kama za kutoa. Piga picha kibandiko hicho leo, kabla hakijafutika.

Mchana wa Bura au Hola zebaki hupita digrii 35 kivulini, na pikipiki iliyosimama juani kwenye lami joto la boksi lake ni jambo jingine kabisa. Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya digrii 45. Huna kipimajoto? Una mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya boksi. Kama unahisi moto, iache kivulini nusu saa, saa nzima, hadi ipoe. Usiimwagie maji kuiharakisha.

Saa ya kuchaji ndiyo tatizo gumu, kwa sababu mchana pikipiki iko kazini na usiku mtu amelala. Betri ya kilowati-saa 3 na chaja ya wati 840 huchukua kama saa 4. Anayeingia saa kumi na mbili jioni ana nafasi: chomeka boksi likipoa, chomoa kabla ya kulala. Katika Ramadhani ni rahisi kuliko mwezi wowote, watu wako macho tangu futari hadi baada ya tarawehe, na wengine hadi daku. Anayerudi usiku, kama mwenyeji wangu, akiwa na zizi la nje hatari yake imeshapungua sana. Bila zizi, bora achaji alfajiri watu wanapoamka na achelewe kuingia barabarani. Na ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, yenye soketi nne na televisheni na friji, si ya kazi hii. Shika waya wake baada ya nusu saa ya kuchaji. Ukiwa na joto, ndio utakaowaka kabla ya betri.

Kisha kuna mto. Maandishi mengi ya ng'ambo kuhusu betri hayana neno kwa mtu wa Tana, na hili si kosa lao. Mwisho wa 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara zetu, na Aprili na Mei 2024 maji yakarudi tena, watu wakahamia miinuko na magodoro kichwani. Maji yakiingia kwenye betri hayaiui papo hapo. Yanaacha tope na chumvi kati ya seli, na tope hilo linapitisha umeme polepole, siku mbili, wiki, zaidi. Huko Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalianza kuwaka siku kadhaa baadaye, yakiwa yameegeshwa tu. Watu wa Kipini na Ozi, ambako maji ya chumvi hupanda mtoni, walisikie hili mara mbili.

Kwa hiyo maji yakitangazwa, betri iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kupelekwa mwinukoni, ikiwa kavu. Iliyozama usiichaji, usiiwashe kujaribu, usiianike juani ukidhani ni mtama. Iweke nje, mbali na hema na watu, na usiiingize kwenye darasa la shule ambalo familia ishirini zimejihifadhi. Hilo la mwisho wasimamizi wa kambi za mafuriko walitangaze siku ya kwanza, kabla watu hawajapanga vitu vyao.

Ikiwaka je? Mara nyingi hutoa ishara: mlio kama wa soda inayofunguliwa, ukungu mweupe, milipuko midogo. Ukisikia hayo usikimbilie betri, kimbilia watoto. Toka nao, funga mlango nyuma yako, simama upande upepo unakotoka. Usijaribu kuibeba nje kishujaa. Seli hurushwa kama risasi. Mchanga na kizimamoto cha unga huweza kuzuia miali isisambae, lakini havipoozi seli, na moto hurudi. Kinachosaidia ni maji mengi, kwa muda mrefu, kutoka mbali, baada ya stima kukatwa kwenye swichi kuu. Hata moto ukizima, liache boksi nje peke yake. Huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Hata gari la zimamoto likiondoka Hola dakika hiyo hiyo, paa la makuti halimsubiri mtu. Drumu la maji na ndoo karibu na zizi ndiyo zimamoto yako.

Nimeahidi kufika kwenye sheria. Shirika la viwango, KEBS, ndilo lenye kazi ya kuzuia takataka bandarini. Mnunuzi ana silaha ndogo: bidhaa inayoingia nchini inatakiwa kuwa na kibandiko cha shirika hilo chenye nambari, na nambari hiyo unaweza kuithibitisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu. Lakini betri ya mitumba iliyounganishwa upya kibandani haipiti bandarini, na hapo KEBS haina macho.

Macho ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za zimamoto, na vilevile leseni za biashara. Kibali cha biashara hutolewa upya kila mwaka, na hapo ndipo masharti yanaweza kuandikwa bila kusubiri mswada wa Nairobi: anayechajia watu betri kwa malipo afanye hivyo kwenye chumba cha simiti kisicholaliwa na mtu, fundi asiunganishe betri kwa seli zilizotumika, dukani pasiwe na betri mbovu zilizorundikwa pamoja na nzima. New York ilikataza kuunda betri kwa seli za mitumba mwaka huo huo wa 2023, na sioni kwa nini bunge la kaunti ya Tana River lishindwe. Mwananchi ana haki ya kupeleka ombi kwa bunge hilo kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na mwakilishi wa wadi, MCA, anajua njia ya kulifikisha.

Karatasi peke yake, hata hivyo, nimeacha kuiamini tangu Embakasi. Ule uwanja wa gesi uliolipuka Nairobi usiku wa tarehe 1 Februari 2024 ulikuwa umenyimwa kibali mara tatu na EPRA. Ulinyimwa, na ukaendelea kujaza mitungi katikati ya nyumba za watu. Waliojua ni majirani. Ndiyo maana naipa sacco ya bodaboda kazi kubwa kuliko ninayompa mkaguzi: iweke katika kanuni zake kwamba mwanachama asiye na mahali pa nje pa kuchajia hapewi mkopo wa pikipiki ya umeme, kila betri iandikwe nambari yake daftarini pamoja na jina la fundi aliyeifungua mara ya mwisho, na iliyokufa irudishwe kwa muuzaji. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zikiisha, kwa hiyo ukimrudishia muuzaji hujamwomba hisani. Mkataba wa kununua useme hivyo kwa maandishi. Usiitupe shimoni wala mtoni.

Asubuhi ile Chewele, mwenyeji wangu alitoa pikipiki, akanywa chai, akatoka uani akiwa na mtoto wake wa kati. Akaanza kutembea kutoka ukutani akihesabu kwa sauti. Hatua ya saba akafika kwenye ua wa jirani.

"Zimeisha, mzee," akaniambia. "Nifanyeje?"

Nikamwambia amwite jirani, maana yeye pia ana tuktuk. Walisimama pale muda mrefu wakionyeshana kwa mikono ni mathenge gani ya kung'oa na nani ana matofali yaliyobaki.